Ufunguo wa namba 10: cheche iliyosimamisha gari la familia tatu

BUTEMBO – Ndani ya garaji moja, pembeni ya barabara kubwa inayoelekea Beni, kuna rafu ya mbao yenye visanduku kumi na kimoja vya chuma chepesi. Wapita njia wengi hudhani ni redio zilizoharibika. Mwenye garaji, mzee ambaye watu wote wa hapo humwita Papa Fundi, anaiita rafu hiyo makaburi yake.

Kila kisanduku kilikuwa kalkilateri ya gari, ile kompyuta ndogo inayoamua mafuta mangapi yaingie ndani ya motere na cheche itoke wakati gani. Papa Fundi anasema hakuna hata kimoja kilichokufa kwa uzee. Vyote viliuawa na mikono ya watu, tena watu waliotaka kusaidia.

Kisanduku cha mwisho upande wa kulia kilitoka kwenye gari la choferi mmoja, mkimbizi wa vita kutoka Kanyabayonga. Habari yake inajulikana katika avenue anayokaa, na yeye mwenyewe haoni haya kuielezea. Anasema kama angeisikia kwa mtu mwingine mapema, asingepoteza kazi ya karibu miezi miwili.

Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, maelfu ya wakaaji walishika barabara ya kaskazini. Walipita Kayna, wakapita Kirumba, wengine wakaendelea mpaka Lubero na Butembo. Wengi walitembea kwa miguu, wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Choferi huyo alikuwa na Toyota ndogo ya viti vitano. Siku ile ilibeba watu kumi na wanne: bibi yake na watoto, mjane wa jirani na wajukuu wake, na familia ya mwalimu mmoja iliyokuwa na mama mjamzito. Juu ya paa kulikuwa na magodoro, sufuria, na mabati sita aliyong'oa kwenye nyumba yake.

Gari lilifika. Lilifika likiwa limeinama nyuma, lakini lilifika.

Huko Butembo, familia zote tatu zilipokelewa katika uwanja mmoja wa mama mwenye roho nzuri. Gari likawa shamba lao. Asubuhi choferi alibeba wachuuzi kwenda sokoni, na siku nyingine alipata abiria wa Beni. Jioni, gari liliposimama uwanjani, liligeuka kuwa chumba cha kuchajia simu. Wakimbizi wa jirani walileta simu zao, kwa sababu simu ndiyo njia pekee ya kujua nani amebaki kijijini, nani amefika wapi, na nani hajibu tena. Wengine walilipa kidogo. Wengine hawakulipa, na choferi hakuwadai.

Kisha kishikio cha bomba la moshi kikakatika, kwa sababu ya mashimo ya barabara na uzito wa ile safari. Bomba likawa linakwaruza chini. Choferi akalipeleka gari kwa kijana mmoja anayesude vyuma pembeni ya barabara kwa nguvu ya jenereta. Ni kijana wa kazi. Anatengeneza milango, madirisha, hata vitanda vya wagonjwa.

"Yaya, dakika kumi tu," kijana alisema.

Kweli zilikuwa dakika kumi. Kijana alikamatisha koleo la masi kwenye chuma cha mbele ya gari, pale lilipomfaa, akaingia chini upande wa nyuma, akasude. Bomba lilishika vizuri, na mpaka leo halijaanguka. Lakini choferi alipogeuza ufunguo wa gari, demareri ilizunguka, ikazunguka tena, motere haikukubali. Taa ya motere haikuwaka hata kidogo.

Kwanza walifikiri mafuta yamechafuka. Wakamwaga, wakaweka mengine. Halafu walifikiri ni bomba la kupandishia mafuta. Siku ya tatu, mtu mmoja uwanjani akasema kwa sauti ya chini kwamba labda kuna mtu amelifanyia gari kitu, kwa wivu, kwa sababu mkimbizi hawezi kufika na gari halafu watu wafurahi tu. Neno hilo liliuma kuliko gari lenyewe. Familia zilianza kutazamana vibaya.

Ndipo mama mwenye uwanja akasema waite fundi wa umeme kabla ya kuita mtu mwingine.

Papa Fundi alifika na voltimetri yake na mswaki wa waya. Hakuuliza kuhusu wivu. Aliuliza swali moja: "Kabla ya kuharibika, gari lilifanyiwa nini?"

Wakamwambia juu ya kusude.

"Batri ilifunguliwa?"

Hakuna aliyejibu.

Mzee akafungua kalkilateri pale pale, mbele ya watu wote, ili waone. Ndani kulikuwa na mistari myembamba ya shaba, myembamba kuliko unywele. Miwili ilikuwa imekatika na kuacha alama nyeusi, na harufu ya kuungua ilikuwa bado ipo. "Uchawi hauachi masizi," alisema.

Halafu akawaeleza, na maelezo hayo ndiyo ambayo kila mwenye gari angepaswa kuyasikia.

Umeme wa gari dogo ni wa volti 12. Ndani ya kalkilateri, sehemu zinazofikiri hutumia umeme mdogo zaidi, volti 5 hivi. Mashine ya kusude, kabla cheche haijaanza, inaweza kuwa na volti 60 mpaka 80 kwenye fimbo yake, na inaposude inapitisha ampea mia moja hivi, kufuatana na unene wa fimbo. Umeme huo wote lazima urudi kwenye koleo la masi, na hauchagui njia moja. Unapita kila mahali panapoupitisha. Kama koleo liko mbele na kazi iko nyuma, mwili mzima wa gari unakuwa barabara yake. Pale kutu au rangi inapoziba njia, umeme unatafuta kichochoro: waya mwembamba wa masi wa kalkilateri, waya wa redio, waya wa taa.

"Ni kama watu wa kijiji kizima wanaokimbia," Papa Fundi alisema. "Barabara kubwa ikifungwa, watapita katikati ya nyumba yako. Hawakuchukii, ila ukuta utaanguka."

Watu wa uwanja ule walimwelewa haraka sana.

Dawa yake ni rahisi. Inahitaji ufunguo mmoja wa namba 10, ule wa kufungulia bulo za batri kwenye Toyota nyingi, na muda usiozidi dakika tano. Choferi sasa anaijua kwa moyo na kuifundisha hata kwa watoto wake. Zima kontakti, toa ufunguo wa gari, ngoja kidogo. Fungua kwanza masi ya batri, yaani upande wa alama ya kutoa. Halafu fungua upande wa alama ya kujumlisha. Weka nyaya mbali ili zisigusane na batri. Koleo la mashine ya kusude likamate karibu kabisa na mahali pa kazi, juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka king'ae. Kama kazi yenyewe iko karibu na kalkilateri, chomoa kalkilateri pia, kwa sababu kufungua batri kunapunguza hatari lakini hakuimalizi. Kazi ikiisha, rudisha kwanza upande wa kujumlisha, na masi iwe ya mwisho.

Kwa nini masi itoke kwanza? Kwa sababu mwili mzima wa gari ni masi. Ukianza na upande wa kujumlisha na ufunguo wako ukagusa chuma cha gari, cheche itaruka mkononi mwako. Masi ikiwa imeshatoka, ufunguo ukigusa chuma hakuna kitu kinachotokea.

Siku ile Papa Fundi hakuishia kwenye kusude. Alikuwa na watu ishirini wamemzunguka, na alijua hatapata nafasi nyingine kama hiyo. Alitumia vile visanduku vyake kama mwalimu anavyotumia ubao, akieleza kimoja baada ya kingine kilivyokufa.

Vitatu vilikufa kwa kuombana umeme. Gari dogo limelala, batri imeisha, choferi anasimamisha Fuso inayopita na kuomba nyaya. Malori kama Fuso yana batri mbili zilizounganishwa na umeme wa volti 24. Gari dogo linahitaji 12. Ukiunganisha hivyo, umelipa gari dogo mara mbili ya linachoweza kubeba. Omba kwa gari la volti 12 kama lako. Waya mwekundu uende kwenye kujumlisha za pande zote mbili. Waya mweusi utoke kwenye masi ya batri nzima, na mwisho wake ukamate chuma kitupu cha motere ya gari lililolala, mbali na batri, kwa sababu batri hutoa hewa inayoweza kulipuka ikikutana na cheche. Ngoja dakika chache kabla ya kuwasha. Na kabla ya kugusisha waya wowote, soma alama kwa macho, usikisie. Kugeuza kujumlisha na kutoa kwa sekunde moja tu kunatosha kuua alternateri na kalkilateri pamoja.

Viwili viliuawa na mafundi wa zamani. Wako mafundi waliojifunza kazi kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Wakitaka kujua kama alternateri inafanya kazi, wanafungua batri motere ikiwa inazunguka. Motere isipozimika, wanasema alternateri ni nzima. Kwenye gari la leo huko ni kucheza na moto. Batri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme, kama vile bwawa linavyomeza maji ya mvua kubwa. Ukiitoa ghafla, volti za alternateri zinaweza kuruka mara kadhaa juu ya kawaida kabla haijajirekebisha. Taa inaweza kuvumilia. Kalkilateri mara nyingi haivumilii.

Kipimo cha kweli ni voltimetri. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, batri nzima yenye moto wa kutosha huonyesha volti 12.6 hivi. Motere ikiwaka, iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, alternateri haichaji. Ikipita 15, kirekebishi cha alternateri kimekufa, na gari linajichoma lenyewe polepole kila siku linapotembea.

Kimoja kilikufa kwa sababu ya waya wa shaba mrefu kama kidole. Fyuzi, ambayo wengi hapa huita fizibu, ilikuwa inaungua kila mara, choferi akachoka kununua, akaweka waya mahali pake. Fyuzi huungua ili kitu kingine kisiungue. Rangi yake inasema uwezo wake: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mahali pa nyekundu hapawekwi kijani, sembuse waya. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuna kosa mahali. Tafuta kosa.

Viwili vingine vilikufa kwa maji, pale vijana waoshaji magari walipomwaga ndoo juu ya motere yenye moto ili ing'ae. Maji yaliingia kwenye plagi za nyaya, kutu ya kijani ikaota ndani, na gari likafa mwezi mmoja baadaye, wakati hakuna aliyekumbuka tena ile ndoo. Vilivyobaki vilipita njia hiyo hiyo ya kusude, kama cha choferi wetu.

Halafu mzee akatazama nyaya zilizotoka kwenye batri ya choferi kwenda kwenye kiti, zile za kuchajia simu. Wote waliogopa kwamba atasema ziondolewe. Hakusema hivyo. Alisema kuchaji simu za watu waliopoteza nyumba ni kazi nzuri, ila ifanywe kwa akili. Waya wa kuchajia uwe na fyuzi yake yenyewe, karibu kabisa na batri. Simu zikiwa nyingi, voltimetri iwe karibu. Batri ikishuka mpaka 12.0, zoezi liishe mpaka kesho. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, siyo kunyonywa usiku kucha. Ikinyonywa hivyo mara nyingi inachoka, na batri iliyochoka ndiyo inayokupeleka kuombaomba umeme kwa Fuso. Kwa maneno mengine, makosa hushikana mikono.

Akaongeza neno moja juu ya radi. Milima ya mashariki mwa Congo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi duniani. Wanasayansi waliohesabu radi kwa setilaiti walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, kule Kivu ya Kusini, inashika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ndani ya gari la chuma lililofungwa madirisha, mtu yuko salama kuliko chini ya mti. Lakini mvua ya radi inapokaribia, batri isiachwe imefungwa kwenye chaja ya umeme wa nyumba. Radi ikipiga waya wa barabarani, itafuata waya huo mpaka kwenye gari.

Kalkilateri ya kuirudisha Toyota ile haikuwa rahisi kupatikana. Lazima namba iliyoandikwa juu ya kisanduku ilingane, na kwenye magari mengine lazima hata ufunguo wa gari ukubaliane nacho. Iliagizwa ya mtumba kutoka Kampala. Choferi aliuza mabati yake sita, yale aliyoyaleta ili siku moja ayarudishe juu ya nyumba yake. Hayakutosha.

Ndipo ugomvi mkubwa ulipoanza. Choferi alitaka kijana wa kusude alipe yote. Kijana akasema yeye alisude bomba, na bomba limeshika. Mambo ya kompyuta hayajui. Walipelekana kwa chefu wa avenue. Maneno yakawa makali, na mtu mmoja akataja polisi.

Wakati huo gari lilikuwa limesimama wiki ya nne. Katika wiki hizo, yule mama mjamzito wa familia ya mwalimu alishikwa na uchungu usiku, mvua ikinyesha. Gari lililomtoa Kanyabayonga lilikuwa hatua kumi kutoka mlango wake na halikuweza kuwaka. Alipelekwa kwa pikipiki, ameshikwa katikati ya motari na mume wake, kwenye matope. Mtoto alizaliwa mzima. Lakini choferi anasema usiku ule alikaa ndani ya gari lake lililokufa mpaka asubuhi, mikono juu ya usukani.

Kwa chefu wa avenue, Papa Fundi aliombwa kusema. Alisema kijana hakujua, na choferi pia hakujua, na hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha. "Lakini kutojua kuna bei," alisema, "na bei hiyo igawanywe." Choferi ni mwenye gari, angepaswa kusema batri ifunguliwe. Kijana ni mwenye kazi, angepaswa kuuliza. Waligawana. Kijana alikubali kulipa sehemu yake kidogo kidogo kila Jumamosi, na mpaka deni lilipoisha hakukosa Jumamosi hata moja. Yeye pia, ilijulikana hapo, ni mtoto wa wakimbizi. Wazazi wake walitoka upande wa Beni miaka iliyopita.

Gari liliwaka tena. Leo linabeba wachuuzi kama zamani, na jioni simu zinachajiwa mpaka voltimetri iseme basi. Mabati hayajanunuliwa tena. Choferi anasema yatanunuliwa siku njia ya kurudi Kanyabayonga itakapokuwa wazi, na siku hiyo anataka gari liwe limesimama tayari, kwa sababu anajua nani atakayepanda: watu wale wale kumi na wanne, na mtoto mmoja wa kumi na tano.

Kijana wa kusude anaendelea na kazi mahali pale pale. Kwenye mpini wa mashine yake amefunga kamba, na mwisho wa kamba unaning'inia ufunguo wa namba 10. Mtu akileta gari, hata awe na haraka kiasi gani, kijana hashiki fimbo ya kusude kabla hajaushika ufunguo ule. Wateja wengine wanalalamika kwamba anawachelewesha.

"Yaya," anawaambia, "dakika tano tu."